Bei ya Herufi

Wamenipa madebe matatu ya rangi na brashi mbili,
ukuta wa shule ya kata, upande unaotazama barabara ya Songea,
na bei: shilingi elfu mbili kwa herufi.
Jina bado hawajakubaliana.

Muradi bin Shahdadi, anasema Bi Zubeda wa duka la vitenge:
baba yake Bulushi, alipanda na msafara hadi Utengule,
akaoa, akauza, akaacha mizani na mtoto.
Mwipopo, anasema diwani Ngailo,
hilo ndilo alilopewa na mama, Mbena wa watu,
na ardhi hii haimjui baba aliyepita na punda.
Mimi nahesabu. Mwipopo ni herufi saba.
Kwa upande wa mfuko, nipo na Bi Zubeda.

Ikaja rangi ya ngozi.
Mjerumani alipiga picha ya boma, ya farasi wake,
ya chui aliyemuua. Ya huyu hakupiga.
Mwalimu Luvanda anamtaka mweusi, mweusi wa masizi ya chungu.
Mhasibu wa kamati anataka maji ya kunde.
Nikachanganya nyeusi, nyekundu, njano kidogo,
nikakoroga kwa kijiti cha mlanzi,
na nyuma yangu mtu akasema "chotara," akacheka.
Kicheko hicho, nadhani, yeye alikijua
mlango wa kwa baba na mlango wa kwa mama.

Nisiwafiche. Nyumbani kwetu hakuwa na jina.
Alikuwa "yule wa moto".
Mwaka wa vita alifika kilimani kwetu na watu wake, akasema:
Mjerumani asikute chakula.
Vihenge kumi na vinne, ulezi umefika shingoni,
akaviwasha kimoja kimoja, na inasemekana alilia.
Mjerumani hakukuta chakula. Kweli.
Na sisi hatukukuta.
Bibi mzaa bibi yangu alichimba mizizi hadi kucha zikatoka,
akazika wawili kabla ya mvua za kwanza,
wa tatu akamnywesha maji ya majani.
Mimi nimetoka kwa huyo wa tatu.
Ulezi uliungua, ulezi ukaendelea:
lugha hii haina huruma,
imetoa neno moja kwa punje na kwa mtoto mgongoni.

Waliomtundika Iringa waliandika: mwizi wa ng'ombe.
Bi Zubeda anasema alijitoa mwenyewe
ili wanawake sitini waachiwe.
Shangazi yangu anasema alishuka kwa njaa,
njaa ileile aliyoipika.
Nani alikuwepo?
Kamati ilimaliza dumu la ulanzi, swali likabaki na povu lake.

Jumamosi ukungu uligoma kuondoka Makambako,
rangi ikagoma kukauka.
Nikamchora mgongo.
Anapanda mlima na kapu la ulezi begani,
kichwani kitambaa kisichosema ni cha kabila gani.
Shingo tu ndiyo inayoonekana,
na shingo nimeipaka ile rangi yangu ya kukoroga.
Chini kabisa, karibu na kisigino,
nimeweka kihenge kimoja na moshi mwembamba.
Ukipita na bodaboda huuoni.
Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, unao.

Diwani alikuja na koti lake la sufi, akatazama sana.
"Anakwenda au anarudi? Na huo ulezi ni wa nani?"
Nikamwambia tumalize hesabu kwanza.
MURADI, nimeandika. Herufi sita.
Anayetaka asome mtu, anayetaka asome kusudi.
Elfu kumi na mbili; ametoa kumi.

Jana mtoto wa darasa la pili, wa kwa akina Sanga,
aliugusa moshi kwa kidole.
Ulikuwa bado mbichi.
Akajifuta kwenye kaptula, kengele ikalia, akaingia.